Ugomvi wa LUKU uani: vikao vyote vimeshindwa, msiba umeweza. Wakuu, hii ikoje?

#1 Mkazi wa Korido

Wakuu salaam. Swali langu si la mzaha, japo najua mtacheka.

Napanga Tabata, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Korido katikati, uani choo kimoja, bomba moja, na LUKU moja ya wote, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Utaratibu ulikuwa kila chumba elfu tano, mmoja anakusanya na kununua, uniti zikiisha tunachanga tena. Chumba cha pili kutoka mlangoni kuna mama ana friji, anauza barafu za ubuyu na maji ya kandoro. Chumba cha mwisho kuna dada fundi nguo, ana cherehani ya umeme na pasi. Kila mmoja anasema mwenzake ndiye anayekula uniti.

Ilianza kwa maneno ya pembeni. Ikaja usiku mmoja mtu asiyejulikana akachomoa friji. Asubuhi barafu zimeyeyuka, maji mekundu ya ubuyu yametiririka mpaka koridoni, sisimizi wamepanga foleni toka uani hadi mlango wa mbele. Siku hiyo ndoo zilirushwa.

Mwenye nyumba akaja, akasema "msiposikilizana mnahama wote", akapanda bodaboda akaondoka. Mjumbe wa nyumba kumi akaja, tukakaa mkekani, wakapeana mikono, jioni hiyohiyo matusi. Tukaenda serikali ya mtaa, wakaandikishana kwa maandishi, muhuri ukagongwa. Wapi.

Halafu mzee wa chumba cha mbele akafariki. Msiba ukawekwa hapohapo uani. Siku ya pili nawakuta wale wawili kila mmoja kwenye mbuzi yake, wanakuna nazi, wanacheka. Tangu hapo kimya. Sasa hivi wanaazimana chumvi.

Msiba ulikuwa na nini ambacho vikao vyote havikuwa nacho? Dai langu: kikao hakimalizi ugomvi, kinauahirisha tu. Nipingeni.

#2 Kashata Mbili

Nimekaa siti ya mbele. Endeleeni.

#3 Binti Mkwajuni

Jibu ni macho ya watu. Kwenye kikao cha mjumbe mlikuwa nyinyi kwa nyinyi, mnajuana hadi soksi. Msibani wamekuja watu wa Kisarawe, wa Mkuranga, mashemeji, wakwe. Mwanamke wa nyumba yenye msiba asipoonekana jikoni atasemwa mpaka kaburini kwake. Wameingia jikoni kwa kuogopa kusemwa. Kucheka kumekuja baadaye, maana huwezi kukuna nazi na mtu kuanzia asubuhi hadi adhuhuri umenuna.

#4 Fundi Mita

Mnazunguka mbuyu. Huo ugomvi umetengenezwa na mita yenyewe.

Nisikilizeni. Mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 100 kabla ya makato. Akizidi hapo, kila uniti ya ziada bei inaruka zaidi ya mara tatu. Sasa chukua vyumba sita, kila kimoja kinatumia uniti 20 tu, taa, feni na redio. Kila mtu angekuwa na mita yake angelipa 2,000. Mkiwa kwenye mita moja mnakuwa 120, mmeshavuka. Kwenye tarifu ya kawaida, yaani daraja la bei la wenye matumizi makubwa zaidi, 292 kwa uniti, jumla ni kama 35,000 badala ya 12,000. Hiyo 23,000 haijaliwa na friji wala pasi. Imeliwa na kushea. Lakini nani uani analijua hilo? Mtu anaona elfu tano yake imeisha haraka, anatafuta wa kumlaumu, na friji ndiyo inayonguruma usiku.

Ongeza kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda 1,500. Mdaiwa halisi ni mwenye nyumba. Anayekatwa ni anayenunua umeme wa kwanza mwezi ukianza. Basi mkusanyaji anarudi na uniti pungufu, anaambiwa kadokoa.

#5 Kashata Mbili

Fundi heshima yako. Ila sema, siku ya msiba tarifu ilishuka?

#6 Fundi Mita

Haikushuka. Muulize mleta uzi kama hakuna mtu aliyefunga submita, mita ndogo ya kila chumba. Atakujibu kwa aibu.

#7 Mkazi wa Korido

Zimefungwa, ndiyo, kila chumba na yake. Lakini ni baada ya arobaini. Nazi zimekunwa siku ya pili. Kwa hiyo Fundi hesabu yako nimeipenda, nimeinukuu mpaka kwa mwenye nyumba, ila haijibu swali.

#8 Fundi Mita

Inajibu kwa nini hawajarudi kupigana. Kucheka siku moja hata maadui wanacheka.

#9 Mama Wawili Mbagala

Namuunga mkono Fundi kwa ushahidi wangu mwenyewe. Mimi na jirani yangu tuligombana kwa ajili ya maji machafu, anamwaga ya kufulia yanakuja mlangoni kwangu. Akafiwa na mama yake. Nikaenda, nikalala msibani, nikaosha masufuria, tukakumbatiana tukalia. Watu wakasema Alhamdulillah yameisha. Arobaini ikapita. Wiki hiyohiyo maji yakaja mlangoni kwangu tena, yana povu lile lile. Msiba ni likizo ya ugomvi jamani. Aliyemaliza ni fundi wa kuchimba mtaro, na tulimlipa nusu kwa nusu.

#10 Mtemi wa Manzese

Shida yenu hamuheshimu serikali. Mjumbe wa nyumba kumi ni serikali, akisema jambo limeisha limeisha.

#11 Babu wa Ilala

Mjukuu, rekebisha hapo. Mjumbe wa shina ni mtu wa chama, si serikali. Zamani enzi za TANU na baadaye CCM, chama kikiwa kimoja, balozi wa nyumba kumi alikuwa vyote viwili na hakuna aliyeuliza mpaka uko wapi. Vyama vingi vimerudi 1992, serikali ikawa mwenyekiti wa mtaa anayepigiwa kura na mtendaji anayeajiriwa. Mjumbe akabaki na kadi ya chama na heshima yake, kama anayo.

Nikwambie kwa nini balozi wa zamani aliweza. Si hekima. Alikuwa na kitu unachokitaka. Mgeni akija unamripoti kwake, barua ya utambulisho inaanzia kwake, bila yeye mambo yako hayaendi. Ukimkatalia usuluhishi leo, kesho unamhitaji. Huyu wa leo akikwambia mpeane mikono, mnapeana, anaondoka, hana cha kukunyima.

#12 Mkazi wa Korido

Shikamoo mzee. Hilo la kukunyima sikuwa nimelifikiria. Lakini marehemu naye alikuwa na nini cha kuwanyima?

#13 Babu wa Ilala

Marahaba. Marehemu hana. Waliobaki wanacho. Na wewe utakufa, utazikwa na nani?

#14 Wakili wa Foleni

Kuna mtu kanitumia ujumbe pembeni akisema mleta uzi angeenda baraza la kata "wampige mtu faini". Niweke sawa mapema, maana naona linaweza kuenea.

Mabaraza ya kata yapo kwa sheria ya 1985, na kazi yake ya kwanza kwenye hiyo sheria ni amani na maelewano katika eneo lake, kwa kupatanisha. Wajumbe ni kati ya wanne na wanane, kwenye mambo ya ardhi lazima watatu wawe wanawake. Wakili haruhusiwi kuingia kama wakili, na ndiyo maana mimi nawapenda kwa mbali. Sheria ya 2002 iliwapa kuhukumu migogoro ya ardhi. Marekebisho ya 2021 yakawaondolea huko kuhukumu. Sasa kwenye ardhi wanasuluhisha tu, wana siku 30, ikishindikana unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Friji ya ubuyu si ardhi. Aliyechomoa kaharibu mali ya mtu, huyo ni wa polisi na mahakama ya mwanzo. Lakini ukishampeleka mwenzako mahakamani na choo mnashea, hongera.

#15 Tall Dada wa Sinza

"Wakili haruhusiwi na ndiyo maana nawapenda" 😂 huyu katimuliwa huko.

Naomba kuuliza kitu ambacho wanaume wote humu mmekiruka. Kabla ya ndoo kurushwa, kanga zilisemaje?

#16 Mkazi wa Korido

Dada umejuaje! Mama friji alianika "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", na kamba yake ya kuanikia inatazamana na dirisha la fundi. Ilikauka, haikuanuliwa. Fundi nguo akajibu kwa kushona begi la kiraka kutoka kanga ya zamani, maneno nje, akawa anakwenda nalo bombani. Sikumbuki lilisemaje, ila mama friji alirudi ndani bila maji.

#17 Tall Dada wa Sinza

Basi hapo walikuwa bado wanaongea. Mtu akikuvalia kanga anakupa nafasi ya kujifanya hujaona. Mjumbe alipokuja akauliza "nani kamwambia nani nini", mlango wa kujifanya ukafungwa. Ikabidi kila mmoja atetee heshima yake mbele ya mkeka mzima. Kikao chenu kiliongeza ugomvi, huo ndio mtazamo wangu.

#18 Mtemi wa Manzese

Kwa hiyo tusiongee matatizo, tuvae tu? Wanawake bana.

#19 Tall Dada wa Sinza

Nyinyi mnavaa jezi za Simba na Yanga mnanuniana wiki nzima, wala hamna aliyewahi kumwita mjumbe.

#20 Msomi Asiye na Ajira

Naomba niingize kitu. Marekani mwaka 1954, jimbo la Oklahoma, mtafiti Muzafer Sherif alichukua wavulana 22 wa umri wa kama miaka 11, akawagawa kambini makundi mawili. Wakajiita Rattlers na Eagles. Akawashindanisha kwa zawadi, wakachukiana kweli, bendera zikachomwa. Halafu akajaribu kuwapatanisha kwa kuwakutanisha tu, kula pamoja, kutazama filamu pamoja. Wakarushiana chakula. Kilichopunguza uhasama ni matatizo ambayo kundi moja haliwezi peke yake. La kwanza lilikuwa maji ya kambi kukatika, wakatafuta hitilafu pamoja hadi kwenye tenki. Baadaye gari la chakula likagoma, wakalivuta kwa kamba.

Mkeka wa mjumbe ni kula pamoja. Jikoni msibani ni kuvuta gari. Watu mia wanasubiri pilau, hakuna mmoja anayeweza kuikamilisha peke yake.

#21 Kashata Mbili

Prof punguza mwendo, wengine tuko kwenye daladala.

#22 Nahodha Mstaafu

Msomi umeeleza vizuri ila umekata mkia. Sherif huyohuyo alijaribu mwaka mmoja kabla, 1953, kambi nyingine jimbo la New York. Safari hiyo wavulana walikuwa wamefahamiana kwanza ndipo wakagawanywa, na hawakukubali kuchukiana. Watafiti waliwachokoza kwa siri, watoto wakashtuka kwamba wakubwa ndio wanaofanya vituko. Jaribio likavunjwa. Gina Perry wa Australia amelifukua hilo.

Mimi najifunza kinyume cha wewe. Watu wanaojuana ni vigumu kugombana mpaka kuwe na wa juu anayewapanga. Sasa nani wa juu kwenye nyumba ya mleta uzi? Mwenye nyumba mwenye LUKU moja na vyumba sita. Anakatwa kodi ya jengo kupitia mifuko ya wapangaji na wao wanashikana mashati.

#23 Fundi Mita

ASANTE. Nilitaka kusema hivyo, nimekosa Australia tu.

#24 Babu wa Ilala

Mleta uzi, marehemu alikuwa mtu wa wapi? Watani walifika?

#25 Mkazi wa Korido

Mzaramo wa Kisarawe, mzee. Na watani walifika, tena nilifikiri ni vituko vya msiba tu, lakini kwa mlivyochambua naona niwaambie.

Siku ya kuzika, jeneza likiwa bado ndani, kuna bibi mmoja Mnyamwezi amevaa kofia ya marehemu na koti lake, anachechemea kama yeye. Walipotaka kutoa mwili akajilaza kizingitini. "Hatoki! Huyu kafa ana deni la LUKU! Mwenye friji alipe, mwenye cherehani alipe, tusije tukazika mtu anayedaiwa!" Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, mjane mwenyewe kajifunika mtandio mabega yanatikisika. Mama friji akatoa noti. Bibi akaigeuza juani, akasema hii imelowa ubuyu. Fundi nguo naye akatoa. Bibi akazishika zote mbili mkono mmoja, akainuka, jeneza likapita.

#26 Kashata Mbili

Hii chai. Tena ya rangi, tangawizi nyingi.

#27 Babu wa Ilala

Si chai. Umezaliwa lini wewe? Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa misafara, wakiteremka pwani wanapita kwa Wazaramo, wanapewa chakula na maji, wengine wanazikwa hukohuko. Utani wao umetoka njiani. Wahehe na Wangoni wa kwao umetoka vitani, walipigana kabla ya Mjerumani, leo wanatukanana misibani na hakuna anayekasirika. Mtani anaweza kusema mbele ya watu wote lile ambalo mjumbe akilisema linakuwa kesi.

#28 Msomi Asiye na Ajira

Na wataalamu wameliandika hilo zamani. Radcliffe-Brown mwaka 1940 alieleza kwamba utani unakuwepo pale ambapo watu wana sababu ya kugombana na pia sababu ya kutotengana, na kukasirika kumekatazwa. Moreau akaandika juu ya Tanganyika hasa, 1944.

#29 Tall Dada wa Sinza

Sawa, ila mmeruka swali kubwa. Bibi wa Kinyamwezi kutoka huko alikotoka alijuaje habari za friji na cherehani? Nani kamwambia?

#30 Kashata Mbili

Ohoo.

#31 Mkazi wa Korido

Ukweli sijui. Usiku wa kuamkia mazishi alikaa muda mrefu na mjane na dada wa marehemu. Mzee alipokuwa hai mjane hakuwahi kufungua mdomo kwenye kikao hata kimoja, na chumba chao ndicho kilichokuwa jirani na friji.

#32 Binti Mkwajuni

Basi jibu ndilo hilo, mjane kamtuma mtani. Aliwasikia wakigombana muda wote huo, hakutaka kuwa upande wa mtu, akasubiri mdomo usioweza kujibiwa.

#33 Nahodha Mstaafu

Au bibi kasikia mwenyewe jikoni. Misibani hakuna siri, umbea wa LUKU ungekuwa umemfikia kabla ya chai ya asubuhi. Usimpe mjane sifa ya mipango siku anayozika mume.

#34 Binti Mkwajuni

Na wewe usimnyime akili kwa sababu analia.

#35 Mtemi wa Manzese

Mimi bado nasema hawajapatana. Wameaibishwa hadharani na sasa wana submita. Ondoa submita uone.

#36 Msomi Asiye na Ajira

Mtemi leo umegusa. Galtung, mtafiti wa amani wa Norwei, alitofautisha amani ya kutopigana tu na amani ambayo chanzo chenyewe kimeondoka.

#37 Mtemi wa Manzese

Sijui huyo nani lakini ananielewa.

#38 Mpiga Deki

Nachangia kidogo. Vingunguti tulipokuwa tunapanga hatukufunga submita wala hakufa mtu. Tulitundika daftari koridoni, kila anayenunua anaandika tarehe, uniti na kiasi, na kodi ya jengo inaandikwa mstari wake, inakatwa kwenye kodi ya chumba. Mwenye friji anaongeza elfu mbili, mwenye pasi elfu moja. Ukichelewa mara ya kwanza unakumbushwa, mara ya pili unafagia uani, mara ya tatu ndipo tunamwambia mwenye nyumba. Hakuna aliyefika mara ya tatu. Viwango tulivipanga wenyewe, mwenye nyumba aliona daftari tu.

#39 Mama Wawili Mbagala

Elfu mbili ya friji mlikadiriaje? Wa kwetu angekwambia friji lake halili.

#40 Mpiga Deki

Tulizima vitu vyote tukaacha friji peke yake, tukasoma mita jioni na asubuhi. Mwenyewe alikuwepo na tochi.

#41 Wakili wa Foleni

Hapo kuna jambo. Upande wa mleta uzi hakuna aliyewahi kusoma mita mbele ya wote wawili? Vikao vitatu na hakuna aliyepima kitu?

#42 Mkazi wa Korido

Hakuna. Mita iko ukutani barazani, juu ya kichwa cha mjumbe pale alipokaa.

#43 Dereva wa Usiku

Nimesoma uzi wote kijiweni. Mimi naona mmesahau kuhama. Hapa mjini watu hatupatani, kodi inaisha tunahama. Umeshalipa miezi sita, unavumilia, unahesabu. Mleta uzi tuambie, kodi ya fundi nguo inaisha lini?

#44 Mkazi wa Korido

Mwezi ujao. Na amekuwa akiulizia fremu ya kushonea Segerea.

#45 Mtemi wa Manzese

NILISEMA.

#46 Binti Mkwajuni

Kutafuta fremu si kukimbia, ni biashara kukua. Mama friji naye anajua?

#47 Mkazi wa Korido

Ndiye anayemtafutia dalali.

#48 Dereva wa Usiku

Anamfurahia au anamsindikiza?

#49 Neema ya Kigogo

Samahani kwa kuingilia. @Fundi Mita, hiyo ya uniti 75, mimi naishi peke yangu, sina friji, na bado nakatwa bei kubwa. Nifanyeje?

#50 Fundi Mita

Inawezekana mita yako imesajiliwa tarifu ya kawaida tangu aliyekuwepo kabla yako. Chukua namba ya mita na risiti zako za miezi ya karibuni, nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lako, waombe waangalie matumizi yako wakuhamishie tarifu ya chini. Ukishahamishwa usimkopeshe jirani waya, hata wa kuchaji simu.

#51 Neema ya Kigogo

Asante mkuu. Jirani mwenyewe ndiye kanitumia huu uzi.